Safu ya Sababu

Paroko alisema choma, Mama Gaudensi,
makaratasi ya zamani yanaalika panya.
Nami nikakaa juu ya debe katika stoo ya misheni
na Kiitaliano changu cha jikoni
(chumvi, kisu, funga mlango, asante, kesho)
nikafungua daftari la Bruda Gildo.

Kabla ya kuvaa kanzu, tulisikia, alikuwa karani
wa kampuni ya ndege huko kwao,
zile za mwanzo, mbao na turubai na gundi,
zilizotua majini kama bata walioshiba.
Kazi yake kupokea simu za maandishi usiku
na kuzinyoosha ndani ya safu tano:
tarehe, chombo, mahali, waliokufa, sababu.

Wino umefifia, rangi ya majani ya chai
yaliyochemshwa mara ya tatu.
Januari: rubani, fundi, gunia la barua. Ukungu.
Machi: mfanyabiashara wa kofia.
Kofia zilielea, ameandika pembeni,
herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona msibani. Ukungu.
Mei: injini iliwaka, wote wazima,
bibi mmoja aliendelea na safari kwa treni.
Agosti: bi harusi. Novemba: mlima.
Ukungu, ukungu, bawa, ukungu.
Neno hilo nililijua, nebbia,
alilisema kila Juni akisugua viganja,
Ruaha Mdogo ukiwa umefunikwa kule bondeni
na mikaratusi imekatwa viunoni.

Nikafikiri: aliyewabeba wafu wote hawa
kwa mwandiko mzuri namna hii
alikuja Iringa kutafuta nchi
isiyo na cha kuanguka.

Ukurasa wa mwisho si wino tena, ni penseli.
Juni, tarehe kumi na tisa.
Chombo: ngazi.
Mahali: mnara wa kengele.
Waliokufa: Kanuti Kihwele, fundi bati.

Baba.

Nilikuwa na miaka sita. Tuliambiwa Mungu amempenda zaidi.
Tukapewa mabati ishirini na blanketi;
mama akaezeka mabati, blanketi hakuligusa.
Na kila mwaka Bruda alikuja kupogoa mafyulisi yetu,
hata maji hakunywa,
akikata matawi yasiyohitaji kukatwa.

Safu ya sababu: 10.

Kumi? Kumi nini?
Saa kumi, baba alikuwa tayari amefunikwa shuka.
Vidato? Ngazi ile imeozea nyuma ya zizi,
nilishaihesabu utotoni, ina kumi na vinne.
Nikalisogeza daftari dirishani.
Si kumi. Ile moja ina nukta kichwani,
na ile sifuri ni herufi.
Io.
Neno la kwanza alilonifundisha, akijigonga kifua
kwa kidole chenye unga wa mkate.
Mimi.

Na ukungu ulikuwepo siku ile!
Mama alisimulia: hukuona mkono wako mwenyewe,
walijua ameanguka kwa sababu nyundo ilinyamaza.
Alikuwa na neno tayari, limezoea safu ile,
limelala humo mara thelathini na ngapi.
Angeliweka tu. Nani angembishia?
Nani kati yetu angesoma?

Chini yake mistari mitupu mpaka mwisho wa karatasi.

Sikuchoma. Nimelitia daftari chini ya kanga, tumboni,
nikatoka. Ukungu unapanda kutoka bondeni,
umeshameza zizi, umeshameza bomba la maji,
na juu ya paa la zahanati kuna mtu anagongagonga,
anafunga sola.
Gaudensi, nikaita. Shuka.
Bado misumari miwili, mama.
Shuka kwanza, mwanangu.
Misumari haina njaa.